Tusekile Huzima Mlimani

Jumanne, 3 Julai 1956. Iringa.

Nimepoteza mzigo wa mchele wa shule za misheni. Nimeupoteza jana, Jumatatu, alasiri, katikati ya mlima wa Ipogolo, na mji wa Iringa nauona kwa macho juu pale. Ningekuwa na kamba ndefu ningelivuta lori mwenyewe.

Lori limezima. Halikukohoa, halikusitasita — limezima tu, kama mtu kapuliza kibatari. Saulo, dereva wangu, kakanyaga breki. Mimi nikaruka na gogo la kuzuia gurudumu, buibui likanasa mlangoni, likachanika. Magunia thelathini mgongoni! Saulo kazungusha hendeli mpaka fulana imelowa. Wapi. Akafungua boneti, akatazama, akaguna, akaibamiza boneti kwa hasira. Akazungusha tena — likawaka! Kama halikufanya lolote. Lakini tulishakaa mlimani sana. Tumefika stoo, kufuli mlangoni.

Asubuhi hii Ambrosi, karani wa stoo, kanipokea kwa adabu zake zote. Kamwene mama, habari za safari, habari za baridi. Kisha akanipa habari yenyewe. Watoto mia tatu walingoja wali wa sikukuu yao, wamekula ugali. Padri kakasirika. Mara ya tatu hii tangu mvua kuisha. Kuanzia wiki hii mchele wa kutoka Igawa ataleta Muharami.

Muharami! Mtalaka wangu, katika wanaume wote wenye malori toka Mbeya mpaka hapa.

Nikamwuliza, na muhula mpya je, mzigo wa muhula mzima mtampa nani? Akasema, tutaona mama.

Tutaona. Neno hilo ningeweza kulifunga kwenye gunia nikalitupa Ruaha.


Alhamisi, 5 Julai. Ilomba, Mbeya.

Nyumbani. Baridi ya mwezi huu inauma masikio. Nyasi nyeupe asubuhi, ndoo ya maji ina ngozi juu.

Nimefungua hoteli yangu kama kawaida, chai na maandazi, maana tumbo la dereva haliulizi kama mwenye hoteli kanuna. Saulo kaja alfajiri kuchukua jiko la makaa jikoni, kalisukuma chini ya tumbo la lori ili oili iyeyuke. Bila hivyo hendeli haizunguki, oili imekuwa asali. Madereva wote hufanya hivyo. Ukipita stendi alfajiri unayaona malori yanaota moto kwa mstari, kama wazee.

Wateja wamekwisha sikia. Mmoja kasema Muharami kalifanyia dawa lori langu. Mwingine kamwitikia, eti ndiyo maana, mtalaka hasahau. Nikawaambia, uchawi gani huo unaochagua gia namba moja? Wakacheka. Lakini nilipolisema nikajisikia mwenyewe. Ni kweli. Huchagua!

Nimekaa nyuma ya meza nikahesabu. Limezima mara saba tangu Mei. Mara zote lina mzigo. Mara zote linapanda. Mara zote gia ya kwanza au ya pili. Likiteremka, halizimi. Tambarare ya Chimala mpaka Igawa, halijazima hata siku moja. Tupu, hata mlimani, halizimi.

Saba kwa saba si bahati mbaya. Kuna kitu.

Na jingine: petroli ikikosekana gari hukohoa kwanza, huvutavuta, ndipo hufa. Hili linakatika. Kwa hiyo ni umeme. Hapo siyumbi.


Jumamosi, 7 Julai.

Lori liko kwa fundi Kalinga, hapa hapa Ilomba, chini ya bati lake. Mtu mwema, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Mwezi wa tano alibadilisha plagi akasema, sasa mama limepona. Mwezi wa sita pointi — sasa mama limepona. Leo kondensa, na koili inayozaa cheche. Kashika waya wa plagi karibu na chuma, nikazungusha hendeli mimi, cheche ikaruka, bluu, nene, inapiga kama mjeledi.

— Umeona, mama? Sasa limepona.

Nikamwambia, Kalinga, hapa uani limepona siku zote. Hapa hata mimi mzima. Ugonjwa wake uko mlimani.

Akacheka. Kasema hawezi kulala juu ya injini gari likipanda.

Hapo nikaona taa yake. Kitaa kidogo cha gari, kimeunganishwa na nyaya mbili fupi. Huitumia kujua kama umeme unafika mahali. Ncha moja kwenye chuma, nyingine unapotaka kujua. Umeme upo, taa inawaka. Haupo, giza.

Nikamwuliza, nyaya hizi zikiwa ndefu? Zikatoka kwenye koili zikaingia mpaka ndani, nikashika taa mimi mapajani, tukapanda nayo?

Kalinga kanyamaza. Kalinga! Kisha akaenda kutafuta waya mrefu.


Jumatatu, 9 Julai.

Mvua ya manyunyu. Kalinga ana kazi ya watu. Anasema kesho kutwa.

Muharami kapita akienda Igawa kupakia mchele. Mchele WANGU. Kapunguza mwendo mbele ya hoteli ili nimwone vizuri, kapiga honi, katoa kichwa. Kasema nikichoka na hilo sanduku nimwuzie, atajengea banda la kuku. Nikamjibu kuku wake watakufa kwa makelele yake, si kwa baridi.

Lori lake watu wanadhani jipya. Jipya nini! Mnada ule ule wa magari ya jeshi, siku ile ile, yalisimama ubavu kwa ubavu. Mimi talaka yangu ilikuwa haijatimiza mwaka, nina vitumbua vya miaka minne vimegeuka fedha. Yeye kanunua lake, mimi langu. Watu walicheka kuona mwanamke ananyoosha mkono mnadani. Yeye alilipaka kijani. Mimi nilinunua matairi. Rangi haipandi mlima.

Jina la lori langu katoa Saulo. Kwao Tukuyu wana dada anaitwa Tusekile, maana yake tumefurahi. Kasema gari likipewa jina la furaha halitazira. Limezira, lakini jina nimelizoea.


Jumatano, 11 Julai.

Leo! Nina haraka ya kuandika hata kalamu inararua karatasi.

Tumepakia mawe, uzito wa magunia thelathini au zaidi, tukaenda barabara ya Chunya inakopanda. Saulo usukani, mimi katikati na kitaa mapajani, Kalinga mlangoni kasimama nje, anajishika, anasali kwa Kinyakyusa. Nyaya mbili zimetoka, mmoja kwenye koili, mmoja kwenye chuma, zimepita chini ya boneti, zimeingia dirishani mpaka kwangu. Taa inawaka, kaumanjano kadogo. Nimekikinga na khanga nikione vizuri.

Tumepanda. Gia ya pili. Taa inawaka. Kona ya kwanza, gia ya kwanza, injini inalia, inajinyonganyonga chini ya miguu yangu. Taa inawaka.

Kisha giza. Na lori limezima. Pamoja! Si moja kwanza, jingine baadaye. Pamoja kama kupe na ngozi.

Nikapiga kelele, usiguse kitu! Kila mtu akaganda. Nikamwambia Saulo, sasa shuka, fanya kama ulivyofanya Ipogolo. Akaja mbele, akafungua boneti, akaibamiza.

Taa ikawaka mapajani mwangu!

Kalinga kashusha pumzi. Kasema polepole: umeme haufiki kwenye koili, mama. Koili haina kosa. Kondensa haina kosa. Pointi wala plagi hazikuwa na kosa. Nimekubadilishia vitu vizima.

Nikamwambia, najua. Tutazungumza. Lakini leo sina hasira, leo sina nafasi ya hasira. Miezi mitatu tunamtafuta mwizi chumbani, kumbe yuko ukumbini. Ugonjwa uko kati ya swichi na koili. Waya mmoja tu. Urefu wake hauzidi mkeka!


Alhamisi, 12 Julai.

Tumeupata.

Kwenye malori ya kawaida, Kalinga anasema, waya huo hutoka kwenye swichi ukapita juu, unauona ukifungua tu boneti. Ndiyo maana hakuutafuta. Hili ni la jeshi. Jeshi waliutelemsha chini kwanza, kwenye kisanduku chao cha swichi chini ya sakafu, ubavuni mwa karai la oili, ndipo ukapanda kwenye koili. Mlango wa uani ambao hakuna aliyekumbuka.

Kalinga kalala chini, kautoa. Nimeupokea mkononi. Mpira wake si mpira tena. Mgumu, mweusi, umepasuka, kama ukoko wa wali. Nikaukunja ukalia tak! Ndani nyuzi za shaba zimekatika zote, ncha kwa ncha zinagusana tu. Injini ikijinyonga kwa mzigo, ncha zinaachana. Ukibamiza boneti, zinakutana. Basi! Hiyo ndiyo dawa ya Muharami!

Tukajiuliza nini kimeuoka hivyo. Ekzosi, bomba la moshi, iko upande wa pili. Kalinga anakuna kichwa. Mimi nimeunusa. Harufu naijua, naivaa kila siku kwenye nguo zangu. Makaa.

Nikamtazama Saulo. Saulo akatazama pale chini ya tumbo la lori, ardhi nyeusi mahali jiko linapokaa kila alfajiri. Jiko limeuoka waya, baridi ya mwaka jana, baridi ya mwaka huu, asubuhi baada ya asubuhi.

— Mama, kasema, jiko ni lako.

— Na mkono ni wako.

Tukacheka mpaka Kalinga naye, huko chini, akagonga kichwa. Kisha katoka, kasema neno la maana: mama, kila lori pale stendi linaota moto.

Waya mpya umepita juu, mbali na karai, umefungwa kwa utepe. Kisanduku cha jeshi tumekiacha kama kilivyo, hakina kazi. Kalinga kafanya bila ujira, na kondensa na koili za zamani kanirudishia, nzima, ziwe za akiba. Nimeridhika. Nusu.


Jumamosi, 14 Julai.

Sasa oili tunaimwaga jioni kwenye debe. Alfajiri naibandika jikoni kwangu, ikilegea Saulo anairudisha kwenye injini. Lori limewaka kwa mizunguko miwili! Miwili!

Mteja kaingia, kaona debe linatoa moshi karibu na uji, kauliza leo mboga gani mama. Mboga ya Tusekile, nimemwambia. Kaondoka bila kunywa chai. Nitaweka jiko la pili nje.

Nimewaeleza madereva wawili habari ya makaa na waya. Wamenisikiliza kwa heshima, wamemaliza maandazi, wameenda kukoka moto chini ya malori yao.


Jumanne, 17 Julai. Iringa.

Nimepata mzigo wa viazi na maharage wa wenye maduka hapa, wa kabla ya Idd. Tumepita Igawa, tumepita Makambako na ukungu wake, tumelala Sao Hill. Leo Ipogolo.

Kitaa mapajani. Sikuwa na haja nacho, lakini nilikishika. Saulo kaimba wimbo wa kanisani, mimi nikavuta uradi, kila mtu kwa njia yake. Gia ya kwanza. Pale pale tulipozima — nimepaona, bado kuna alama ya gogo letu. Taa haikupepesa. Tumepita! Mwanamke anayechoma mahindi kando ya barabara katupungia.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Ambrosi. Nimemwambia ugonjwa umepona, nikamweleza ulikuwa nini. Kasikiliza. Kasema ni habari njema sana mama. Padri ataamua mwisho wa mwezi nani abebe mzigo wa muhula wote, kwa neno lake yeye karani. Nikasema, na wewe utamwambia nini? Kasema, tutaona.

Kwa kuwa nimefurahi nimemsamehe hilo moja.


Alhamisi, 19 Julai. Ilomba. Idd.

Tumesafiri usiku na mchana kuiwahi Idd, tumeiwahi. Pilau, kachumbari, majirani Waislamu na Wakristo, Saulo na mkewe, sahani hazikutosha.

Muharami kaja. Mtalaka mwenye haya asingekuja, lakini huyu harufu ya pilau humtoa hata kaburini. Kala sahani mbili. Kasema katika mambo yote aliyoyaacha kwangu, ni hili sufuria tu linalomjutisha. Wanawake wamecheka. Na mimi, basi, nimecheka.

Akitaka kuondoka kaniomba jiko la makaa. Lake limetoboka, na alfajiri ana safari ya Igawa na Iringa.

Nimesimama nalo swali hilo mlangoni. Ningeweza kumpa tu. Jiko moja, moto mmoja, na waya wake ule ule wa jeshi. Na kama angezima mlimani na mchele wa watoto, Ambrosi angemwambia yeye pia tutaona.

Nikamwambia ukweli. Muharami, usiweke moto chini ya lori. Lako na langu ni mapacha. Waya wa koili unapita chini, unaokwa. Mwambie Kalinga akupitishie mpya juu.

Kanitazama kama nimemwambia aoge maji ya barafu.

— Ahaa. Umekosa mzigo, sasa unataka na mimi nilale baridi nichelewe. Mwantumu, nakujua. Nimekula nawe miaka sita.

— Basi hukushiba. Jiko siazimi. Shauri nimekupa bure.

Kaondoka. Ataazima kwingine. Nimefanya langu.


Jumapili, 22 Julai.

Tunapakia maharage tena, kwa Iringa. Kalinga kanipa vipande viwili vya waya mpya na utepe, kasema weka ndani mama, huwezi kujua. Nimeviweka kwenye kikapu pamoja na kitaa, kilipokuwa kikikaa kisu cha vitunguu.


Jumanne, 24 Julai. Iringa.

Sijui nianzie wapi. Naanza chini ya mlima.

Tumevuka daraja la Ruaha, tumeanza kupanda Ipogolo, na mbele yetu, katikati ya barabara, lori la kijani. Limekaa. Boneti wazi kama mdomo wa mgonjwa. Muharami amesimama, kofia mkononi, mchele wa shule mgongoni mwa gari. Kumbe safari ya Ijumaa ile ilimchelewesha Igawa, mpunga ulikuwa haujakobolewa. Watu wamejaa. Mwanamke wa mahindi anauza haraka.

Hatuwezi kumpita. Pembeni ni mtaro.

Nimeshuka na kikapu. Nimeuliza, limekohoa kabla ya kuzima? Dereva wake ndiye kajibu: hapana mama, limekatika tu.

— Nipishe, Muharami.

— Mwantumu, hii si sufuria.

— Nipishe tu.

Ncha moja chuma, ncha moja koili. Giza. Nikahamisha kwenye swichi. Mwanga! Umeme upo kwenye swichi, kwenye koili haupo. Mwizi yule yule, ukumbi ule ule. Sikutaka hata kulala chini kuutazama waya wake, nimeuacha ulipo. Nimetoa kipande kirefu cha Kalinga, Saulo kakifunga toka swichi mpaka koili, juu, tumekizungushia utepe. Hata chai isingepoa kwa muda huo. Nikamwambia dereva wake, zungusha.

Limewaka. Watu wamepiga vigelegele! Mtu kaita, fundi wa kike huyo! Muharami kapanda lori, kafunga mlango, kaondoka. Asante kaisahau chini ya gurudumu.

Sisi tumechukua muda kuondoa gogo na kuwasha. Nimefika kwa Ambrosi kuuliza habari ya muhula, na huko namkuta Muharami amekwisha teremsha mchele, na Ambrosi ananiambia kwa furaha: mama, unaona, bwana Muharami hajachelewa hata kidogo, lori lake ni zuri, linapanda vizuri.

Muharami alikuwa hapo hapo! Hatua tano! Kayatazama makubadhi yake.

Nimemwambia Ambrosi, mwulize limepandaje.

Ambrosi katutazama, huyu, huyu. Kaona kuna mambo ya nyumbani. Kasema, tutaona mama.

Nimetoka kabla sijasema la kujutia. Nimekwenda kwa hatua ndefu mpaka nyumba ya mwenyeji wangu. Saulo kabeba kikapu. Kasema tu, ndaga, mama, ndaga. Sijui alikuwa ananishukuru nini. Lakini nimetulia.


Jumatano, 25 Julai. Iringa.

Nimelala, nimeamka, hasira imegeuka hesabu.

Asubuhi nimemwendea Ambrosi na Saulo na lori. Lori bado lina maharage yote, tulikuwa hatujateremsha. Nimemwambia, Ambrosi, wewe mtu wa stoo, huamini mpaka uone kwa macho. Haya, panda.

Kakataa. Suruali nyeupe, kazi nyingi. Nimefungua mlango nikabaki nimeushika. Wapishi wa shule wakatoka kutazama. Kapanda.

Tumemteremsha mpaka darajani, tumegeuza, nimempa kitaa. Kakipokea kwa mikono miwili, kakiweka mapajani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Nimemweleza: taa hii ni moyo wa gari, ikizima wewe utakuwa wa kwanza kujua, na mimi sitakuomba tena mzigo. Tumepanda. Gia ya kwanza. Ambrosi hakutazama barabara, hakutazama mto, kakodolea kitaa tu, midomo inamcheza. Haikuzima! Tukashuka. Tukapanda tena. Mara ya pili kaanza kutabasamu, na mwanamke wa mahindi alipompigia kelele, bwana karani umekuwa tanboi, utingo wa lori!, akacheka kabisa.

Tumerudi stoo. Kashuka, kajipangusa. Nikangoja.

Kasema: mama, ni kweli linapanda. Lakini la bwana Muharami nalo linapanda. Nikaseme nini kwa Padri? Acha tuta—

Hapo nimemkata. Kwa adabu, lakini nimemkata. Nimesema: Ambrosi, mwanangu, neno hilo silipokei tena. Mzigo wa muhula, toka Igawa mpaka hapa, ni wangu au si wangu. Ndiyo au hapana. Ukisema hapana nitakwenda, nina viazi, nina maharage, nina hoteli, sitakulilia. Lakini uniambie. Na kabla hujasema, mwite Muharami akwambie mbele yako nani kampandisha Ipogolo jana. Nakupa mpaka Ijumaa. Kabla ya adhana ya adhuhuri.

Katazama saa ya ukutani. Kama adhana imekwisha karibia!


Alhamisi, 26 Julai.

Tumeteremsha maharage. Tusekile tupu, yuko tayari kwenda popote. Muharami hajaonekana mjini. Saulo anasema lori la kijani limeegeshwa Ipogolo chini.

Sijamwombea Muharami apatwe na baya. Nimeomba mdomo wake tu ufunguke.


Ijumaa, 27 Julai. Iringa, mlangoni kwa stoo.

Naandikia kwenye ngazi ya lori, daftari juu ya goti. Jua limepanda, bado baridi kwenye kivuli. Nilifika asubuhi, nimemsalimu Ambrosi dirishani, kaitikia bila kunitazama.

Saulo karudi kutoka Ipogolo, alikokwenda kununua mahindi. Kaniletea hindi moja na habari moja. Yule mwanamke wa mahindi ana majiko mawili leo. La pili ni kubwa, zuri, karibu jipya. Kamwuliza katoa wapi. Kasema kapewa jana na yule bwana wa lori la kijani, bure, kamwambia chukua mama, mimi silitaki tena chini ya gari langu.

Nimeacha kutafuna.

Baridi hii yote, na Muharami nimjuaye mimi, asiyetoa hata punje — lake lilitoboka, kumbe kanunua jipya, na sasa kaligawa! Kwa hiyo ameamini. Kalala chini ya gari lake, kautazama waya ule wa zamani, kaukunja, umelia tak. Mdomo wake utakataa lakini jiko limekwisha sema.

Kaja. Naandika huku namwona. Kavaa kanzu ya Ijumaa, kapita mbele yangu haraka, hakunisalimu, lakini kofia kaigusa. Kaingia kwa Ambrosi. Mlango umefungwa.

Sauti chini. Ya Muharami peke yake, muda mrefu. Ambrosi kasema, eti nini? Mama ndiye kakupandisha? Kisha kicheko cha Ambrosi, kifupi, cha mtu aliyeshtuka. Sisikii zaidi, wapishi wanapasua kuni. Nimewanyamazisha kwa mkono. Wamenyamaza! Na wao wanasikiliza.

Muharami katoka. Kasimama karibu na Tusekile. Kapiga bati la mlango kwa kiganja, mara mbili, kama anayepiga bega la mtu. Kaenda zake msikitini.

Ambrosi katoka nyuma yake, ana kalamu sikioni. Kauliza, mama, tuseme ingekuwa ndiyo, ungekuwa Igawa kupakia siku gani?

Saulo kanyanyuka, hendeli mkononi.

Nimemwambia, Ambrosi, hiyo tuseme sikuiomba. Ndiyo au hapana. Muadhini namwona anapanda.